Mhalifu Aliyeongoka: Picha za Kauboi na Lugha ya Watazamaji katika Njia ya Isongole na Tunduma

Wasemaji wa Kiswahili wanapozungumza juu ya sinema, aghalabu hutumia majina mawili tu kuwataja watu wa mchezo: steringi na adui. Majina haya yamezoeleka hata hakuna anayefikiri kuwa yahitaji maelezo. Walakini kuna aina moja ya picha ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayaielei, nayo ni ile picha ya kauboi iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, ambayo habari yake ni ya mwizi au mwuaji aachaye silaha na kurudi katika maisha ya watu wema. Mtu huyu aanza mchezo akiwa na mambo yote ya adui na kuumaliza akiwa steringi. Je, lugha yamweka wapi? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana kwa muda wa miaka mingi serikali za kikoloni zilitoa hukumu juu ya akili za Waafrika kwa kutazama jinsi walivyoshangilia picha za namna hii, na katika hukumu hizo maneno ya watazamaji wenyewe hayakupewa nafasi kubwa.

Mahali panapofaa kuanzia uchunguzi huu ni kusini-magharibi mwa Tanzania, katika nchi ya Isongole. Isongole imo katika wilaya ya Ileje, karibu na mpaka wa Malawi. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Chitipa, ambao zamani uliitwa Fort Hill. Upande wa magharibi iko Tunduma, lango la kuingilia Zambia. Tangu mwaka 2016 sehemu hizi zote ni za mkoa wa Songwe, ambao kabla ya hapo ulikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya. Na wakati wa utawala wa Waingereza, Bundali ilihesabiwa katika wilaya ya Rungwe. Lugha za asili za jirani hii ni nyingi: Kindali, Kilambya, Kinyiha na Kinyamwanga, na baadhi yake zasemwa pande zote mbili za mpaka. Mpaka ulichorwa na wageni. Watu na lugha zao hawakuacha kuuvuka.

Waliouvuka kwa wingi walikuwa vijana watafutao kazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na katika milima ya kusini fedha zilikuwa haba. Wengine walikwenda katika machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, wengine wakashika njia ya kusini mpaka Afrika Kusini, na wengine wengi wakaenda katika machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Luanshya, Nkana na Mufulira. Godfrey Wilson, aliyekaa pamoja na mkewe Monica miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone mwaka 1938, akaandika juu ya maisha ya wafanyakazi wa Broken Hill. Mtaalamu huyu alifuata njia ile ile iliyofuatwa na watu aliowachunguza. Mwisho wa njia hiyo, katika makambi ya migodi, ndipo sinema ilipokuwapo.

Kabla ya kueleza mambo ya makambini, yafaa kueleza asili ya picha zenyewe. Habari ya mhalifu aliyeongoka haikuzuka baadaye katika sinema za kauboi. Karibu yalingana nazo kwa umri. Gilbert M. Anderson, aliyecheza katika picha ya The Great Train Robbery ya mwaka 1903, alianzisha pamoja na mwenzake kampuni ya Essanay mwaka 1907, kisha akajipatia sifa kwa jina la Broncho Billy. Mwaka 1910 alitoa picha fupi ambayo jina lake lenyewe lataja kukombolewa kwa huyo Broncho Billy. Mwaka 1913 Peter B. Kyne aliandika hadithi ya wanyang'anyi wakimbiao jangwani, wakamkuta mama aliye karibu kufa, wakaahidi kumlea mtoto wake mchanga. Ahadi hiyo yawagharimu sana, lakini mtoto afikishwa salama. Hadithi hiyo ilifanywa sinema mara nyingi, na John Ford peke yake aliitumia mara mbili, mwaka 1919 na mwaka 1948. Mwaka 1916 William S. Hart alicheza katika Hell's Hinges, akiwa mpiga bastola ambaye moyo wake wageuzwa na dada wa mhubiri.

Mambo mawili yaliifanya habari hii ienee. La kwanza ni biashara. Katika miaka ya 1930 majumba ya sinema ya Marekani yalizoea kuonyesha picha mbili kwa tikiti moja: moja kubwa yenye wachezaji mashuhuri, na nyingine ndogo ya kujaza saa. Kampuni kama Monogram, na Republic iliyoundwa mwaka 1935, zilijipatia riziki kwa picha hizo ndogo. Urefu wake ulikuwa kiasi cha saa moja, na kazi ya kuzipiga ilikwisha kwa siku chache au majuma machache. Farasi walikuwa wale wale, na vilima vile vile vilionekana katika picha hata picha. Mahali ambapo fedha ni kidogo, mtengenezaji hawezi kuwashangaza watu kwa majengo wala kwa majeshi. Hana budi kutegemea habari yenyewe. Na kugeuka kwa moyo wa mtu mmoja ni habari kubwa isiyogharimu kitu.

Jambo la pili ni sheria. Tangu mwaka 1934 kampuni za Hollywood zilibanwa na kanuni za maadili zilizoandikwa mwaka 1930, nazo zilikataza picha imwonyeshe mhalifu akifaidika kwa uhalifu wake. Basi mwandishi aliyetaka mnyang'anyi awe mtu wa kupendwa alikuwa na njia chache: amwue mwishoni, amtie gerezani, au amwongoe. Njia ya tatu ilimpendeza mtazamaji, tena iliacha mlango wazi kwa arusi.

Mfano ulio wazi ni Angel and the Badman ya mwaka 1947, iliyotolewa na Republic, ijapokuwa haikuwa miongoni mwa zile zilizotengenezwa kwa fedha kidogo kabisa. Mpiga bastola Quirt Evans, aliyechezwa na John Wayne, aanguka na jeraha lake mlangoni pa jamaa ya Waquaker, wale ambao katika Afrika ya Mashariki huitwa Marafiki, na ambao misheni yao ya Kaimosi nchini Kenya ilianza mwaka 1902. Binti wa nyumba amwuguza na kumpenda. Mchezo wote ni mvutano kati ya bastola na jembe, na mwisho wake bastola yaachwa chini. Adui yake wa zamani auawa, lakini si kwa mkono wake. Hapo ndipo ustadi wa habari ulipo: watazamaji wapata mapigano waliyoyalipia, na mwongofu abaki na toba yake.

Sasa na turudi makambini. Mwaka huo huo wa 1935 ulioona kuundwa kwa Republic uliona pia mambo mawili makubwa katika nchi hizi. Mwezi wa Mei wachimbaji wa shaba walifanya mgomo, na sita kati yao waliuawa kwa risasi huko Luanshya. Mwezi wa Julai ilianza huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kazi ya majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika, iliyoongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa msaada wa fedha za Carnegie, ikaendelea mpaka mwaka 1937. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, zikachukuliwa kwa lori mpaka Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda, pamoja na sahani za santuri zenye maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine. Mojawapo ya filamu za kwanza ilihusu benki ya akiba ya posta: kibarua mmoja aweka mshahara wake benki, mwenzake aufukia ardhini, na mwizi aja kuufukua.

Yafaa kumtazama mwizi huyo. Yeye ni chombo cha somo tu. Hana sababu ya kuiba wala hana kesho. Kazi yake ni kuonyesha kwamba shimo si benki. Lakini mwizi wa picha ya kauboi, hata ile iliyofanywa kwa haraka na kwa fedha kidogo, ana jina, ana kisa, na ana nafasi ya kugeuka. Hapana shaka hii ni sababu mojawapo iliyowafanya watazamaji wa migodini wapende kauboi kuliko mafunzo. Mtu mzima aliyeacha kwao, akashuka chini ya ardhi kuchimba shaba, alikuwa na haki ya kupenda mchezo unaomhesabu mwanadamu kuwa kiumbe kiwezacho kubadilika.

Picha za kauboi zilizofika migodini zilikuwa kuukuu, zikikodishwa kwa bei nafuu kupitia Afrika Kusini. Watazamaji walitoka katika makabila mengi, na wengi wao hawakujua Kiingereza. Tena kelele za kushangilia zilifunika maneno ya wachezaji. Hortense Powdermaker, mtaalamu kutoka Marekani aliyefanya utafiti Luanshya mwaka 1953 na 1954 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1962, alieleza jinsi umati ulivyomwita shujaa wa kauboi kwa jina moja tu: Jeke. Jina hili latokana na Jack la Kiingereza. Haikujali mchezaji ni nani wala jina lake katika mchezo ni lipi. Kila picha ilikuwa na Jeke wake.

Maofisa wengi walichukua jambo hili kuwa dalili ya utoto. William Sellers, aliyeongoza idara ya filamu za makoloni iliyoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika apaswa kupewa picha za polepole, zisizo na hila za kamera, asije akachanganyikiwa. Wengine waliogopa kwamba kijana amwonaye Mzungu akiiba na kuua katika sinema atapoteza heshima kwa Wazungu wote, au ataiga yale aliyoyaona. Basi wakaguzi wakakaa na mikasi yao. Picha zilizokusudiwa Waafrika zilikatwa vipande, hasa penye bastola, wizi na mapigano.

Matokeo ya mikasi hiyo juu ya habari ya mhalifu aliyeongoka hayana budi kufikiriwa. Toba ina sehemu mbili: kosa na kuliacha. Ukilikata kosa, hakuna linaloachwa. Mnyang'anyi ambaye unyang'anyi wake umeondolewa katika filamu huonekana kama mtu mwema tangu mwanzo, anayefukuzwa na askari bila sababu; na machozi yake ya mwisho hayaeleweki. Hivyo wakaguzi, kwa kutaka kulinda maadili, walikuwa katika hatari ya kuondoa lile fundisho pekee la maadili ambalo picha hizo zilikuwa nalo. Kisha mtazamaji aliyeshindwa kufuata habari iliyokatwakatwa aliambiwa kwamba akili yake haiwezi kufuata habari.

Mambo ya Leopoldville yaonyesha upande mwingine. Huko, katika miaka ya 1950, vijana wa mitaani walijiita Bill, kwa kumfuata Buffalo Bill wa sinema, wakavaa kama makauboi, wakagawana mitaa na kuunda lugha yao ya siri iliyoitwa Hindubill, ambayo msingi wake ni Kilingala. Lakini palitokea pia padri Mbelgiji wa shirika la Scheut, Jozef de Laet, aliyeingia kati yao kwa nia ya kuwaongoa, naye akajulikana kwa jina la Père Buffalo. Padri huyu hakukataa sinema yao. Alikubali kuitwa kwa jina litokalo humo. Yaelekea alitambua lile ambalo wakaguzi hawakulitambua, kwamba katika habari ile ile iliyowafunza vijana kutembea kwa majivuno, imo pia njia ya kutokea.

Hapa ndipo lugha inapoweza kutoa ushahidi. Neno steringi limetokana na neno la Kiingereza lililoandikwa mwanzo wa picha kumtangaza mchezaji mkuu. Kwa hiyo maana yake ya asili si mtu mwema. Ni yule ambaye picha ni yake. Adui nalo ni neno la uhusiano: hakuna adui pasipo mtu ambaye yeye ni adui yake. Ukiyatazama vizuri, maneno haya mawili hayagawi watu katika wema na wabaya. Yaeleza nani yuko katikati ya habari, na nani anampinga. Steringi aweza kuwa mwizi, mlevi au mfungwa aliyetoroka, na bado akabaki steringi. Msemo wa watazamaji usemao kwamba steringi hafi hausemi kwamba wema hushinda. Wasema kwamba habari haiwezi kumpoteza mwenyewe kabla ya wakati. Jeke wa Luanshya alikuwa neno la namna hiyo hiyo: jina la mtu lililogeuzwa kuwa jina la cheo. Watazamaji hawakuwa wameshindwa kuwatofautisha wachezaji; walikuwa wameunda istilahi ya uhakiki.

Basi swali la mwanzo lapata jibu. Mhalifu aliyeongoka hana taabu ya kupata mahali katika lugha hii. Yeye ni steringi tangu aingiapo, na kugeuka kwake si kuhama kutoka jina moja hadi jingine, bali ni tendo. Kwa sababu hiyo Kiswahili hakimwiti kwa nomino mpya. Chamweleza kwa kitenzi. Na vitenzi vilivyopo ni vingi. Kutubu kwatokana na Kiarabu, na humhusu mtu mbele ya Mungu wake, kwa Waislamu na Wakristo pia. Kuongoka ni neno la Kibantu, na maana yake ni kuwekwa katika njia iliyonyoka. Kuokoka kulipata nguvu mpya kwa uamsho wa dini ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika ya Mashariki. La nne ni kujirudi, nalo ndilo lenye kina zaidi. Mzizi wake, rudi, una maana ya kuja tena mahali ulipotoka. Lakini kumrudi mtoto ni kumwadhibu ili atengenee. Ajirudiye, basi, hujiadhibu mwenyewe na kujileta nyumbani kwa tendo moja.

Kwa kijana wa Isongole aliyekuwa migodini, neno hilo halikuwa la mfano tu. Ng'ambo ya mpaka, katika Nyasaland, mtu aliyekwenda kazini akapotelea huko, asitume fedha wala barua, aliitwa machona. Kila nyumba iliyotoa kijana ilikuwa na hofu hiyo. Kurudi kulikuwa ni jambo la maadili, wala si safari tu. Mchezo unaomwonyesha mtu mwenye bastola akiteremka farasi, akashika jembe, akakaa na jamaa, ungeweza kusomwa na watu wa namna hiyo kwa namna ambayo watengenezaji wa Hollywood hawakuifikiria. Haidaiwi hapa kwamba kila mtazamaji aliusoma hivyo; yadaiwa tu kwamba lugha yake ilikuwa na vyombo vya kuusomea hivyo, navyo vilikuwa vikali kuliko mikasi ya mkaguzi.

Wala habari ya mkosaji aliyesamehewa haikuwa ngeni katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili waliomtendea Adili uovu wageuzwa manyani, na mwishowe wasamehewa na kurudishiwa umbo la kibinadamu. Umbo lao lapotea kwa uovu na kurudi kwa msamaha. Katika picha ya kauboi, kofia, bastola na farasi hufanya kazi hiyo hiyo: mtu abadilishapo vazi, watazamaji hujua kwamba moyo nao umebadilika. Msomaji wa kitabu na mtazamaji wa sinema hawakuwa mbali wao kwa wao kama ilivyodhaniwa.

Sinema zenyewe zilibadilika baadaye. Mwaka 1952 ilionekana Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Tangu mwaka 1964 Mtaliano Sergio Leone alianzisha kauboi wa namna nyingine, ambaye haongoki wala hajuti, na jina la steringi likamchukua yeye pia bila shida. Mwaka 1975 Wahindi walitoa Sholay, ambamo wezi wawili wakodishwa na mtu aliyekuwa ofisa wa polisi ili kumkamata jambazi mkubwa, na kazi hiyo yawafanya watu wengine. Picha hiyo, iliyojaa farasi na majabali ya kauboi, haikuwa ya fedha kidogo. Lakini habari yake ni ile ya Broncho Billy. Vikaja vibanda vya video, viitwavyo vibanda umiza, na wafasiri wa sinema kama yule ajulikanaye kwa jina la Lufufu, ambao husimulia picha za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za wachezaji. Mfasiri wa namna hiyo hana budi kuchagua kati ya kutubu, kuongoka, kuokoka na kujirudi, na kila chaguo ni ufafanuzi wa habari.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya wachunguzi wa lugha ni dhahiri. Kumbukumbu za wakaguzi zimehifadhiwa na kusomwa. Maneno ya watazamaji wa wakati ule hayajapewa uangalifu uo huo, na wazee waliopita Tunduma wakienda kazini wanapungua kila mwaka. Lililo la haraka ni kukusanya, katika Kindali, Kilambya, Kinyiha na Kinyamwanga, majina ya watu wa sinema na vitenzi vya kuongoka kwao, na kuyalinganisha na yale ya Kiswahili. Ikionekana kwamba lugha hizo nazo zilimtambua mtu kwa nafasi yake katika habari, na kuacha wema na ubaya wake uelezwe kwa vitenzi, itakuwa imethibitika kwamba wale walioambiwa kuwa hawawezi kufuata mchezo walikuwa wakiufuata kwa kanuni yao wenyewe.